Sauti ya Kuongozea

Wageni walikuwa wamefikia supu Ning aliposikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye spika.

Harusi za Solo, mji wa Java, haziendi kwa saa, zinaenda kwa sahani. Mgeni anatulia kitini na chakula kinamfuata, na waimbaji wa kroncong, muziki wa zamani wa nyuzi na filimbi, nao wanapangwa humo humo: wewe wa supu, wewe wa wali, na yule ambaye bendi imemchoka anaachiwa barafu tamu, wakati watu wanatafuta mikoba yao. Ning alikuwa wa wali. Miaka yote alikuwa wa wali. Kwa hiyo wakati wa supu alikuwa nyuma ya jukwaa, kebaya, blauzi yake ya sherehe, imembana kifua, anatafuna karanga na kusikiliza muziki ambao fundi wa spika aliuweka ili ukumbi usipoe, maana mwimbaji wa supu alikuwa amechelewa.

Ile pumzi aliijua kama mtu anavyojua kikohozi chake. Wimbo nao aliujua, ule wa mama anayeacha taa barazani kwa ajili ya mwana asiyerudi. Aliurekodi yeye mwenyewe, nyumbani kwake. Ndipo sauti ikaingia, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa changa, nyembamba, safi kama glasi iliyotoka kuoshwa. Ilikuwa ya Kinasih.

Kinasih alikuwa mwanafunzi wake. Binti mzuri wa sura, mnyenyekevu, aliyekuja kila Jumatano akakaa mkekani sebuleni kwa Ning na kujifunza kila kitu isipokuwa kile kimoja chenye maana. Kroncong haiimbwi juu ya mdundo. Inaning'inia nyuma yake. Ala zinatangulia, mwimbaji anakuja kwa nafasi yake, kama mama mwenye nyumba anayejua hakuna atakayeanza kula bila yeye. Ning alifundishwa hilo na mama yake, muuza jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa, aliyezunguka mitaani na chupa mgongoni huku akiimba: mguu unatua kwanza, neno linakuja baadaye. Neno la Kinasih lilitua pamoja na mguu. Kila mara. Binti alilia kwa ajili ya hilo mpaka Ning akazoea kuweka leso karibu na chai.

Na sasa alikuwa ananing'inia, tena vizuri. Kila neno lilichelewa pale pale ambapo Ning huchelewa. Kisha likaja neno "nyumbani", na hapo Ning akasimama, karanga zikamwagika. Siku aliporekodi, mama yake alikuwa amezikwa wiki ile ile. Alipofika kwenye neno hilo koo lilimkaba, akachelewa kupita kiasi, karibu wimbo umwache, kisha akalidaka mwishoni kabisa. Ilimtokea mara moja tu maishani. Hakumfundisha mtu, na hata angetaka asingejua aanzie wapi. Kinasih alikabwa kwenye neno lile lile, kwa kiasi kile kile, akalidaka pale pale.

"Bu Ning!" Pak Gimin, mpiga filimbi, alimpiga bega akicheka. "Mwanafunzi wako ameiva, bwana! Albamu imetoka juzi na wewe umenyamaza kimya. Au unaona wivu?"

"Imetoka?"

"Acha zako. Si mume wako ndiye aliyeitengeneza?"

Wali ulikuwa umeanza kupita, jina lake likaitwa. Aliimba. Hakumbuki aliimba nini. Aliposhuka, shangazi mmoja wa bibi harusi alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwa upendo kabisa, "Leo umeimba vizuri sana, Bu. Kama yule binti wa kwenye simu."

Sasa nikwambie habari za mume wake, maana kosa hili halikudondoka kutoka mbinguni. Wiryadi alikuwa fundi wa kurekodi, mpole, msahaulifu wa kula, na chumba cha nyuma cha nyumba yao ndicho kilikuwa studio. Ndiye aliyemwambia mkewe, "Ning, nipe sauti ya kuongozea." Kila mtu wa kazi hiyo anaijua. Mwimbaji anaimba ovyo ovyo ili wapiga ala wajue walipo, kisha sauti hiyo inafutwa, na yeye anarudi baadaye kuimba ya kweli. Ila Wiryadi alimwomba asiimbe ovyo. "Imba kama ya kweli," alimwambia. "Wazee wangu wa ala hawapati hisia ukiwaimbia nusu nusu." Naye akaimba kama ya kweli, wimbo baada ya wimbo, msiba ukiwa bado mbichi kifuani. Kisha akangoja kuitwa kuimba ya kweli. Mara mpiga sello anaumwa. Mara kipaza sauti kina mlio. Alingoja kama mjinga, na kila asubuhi alimchemshia kahawa mtu aliyekuwa anampiga changa la macho.

Asubuhi iliyofuata hakuchemsha kahawa. Aliingia studio bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ulikuwa uniimbishe albamu hii mimi, Mas." Hata kwa hasira alimwita Mas, kaka, kama siku zote.

Wiryadi alivua miwani. Hakuuliza albamu ipi, na hilo lilimuuma Ning kuliko uongo wowote ambao angeweza kuutunga.

"Msambazaji alitaka sura changa kwenye jalada," alisema. "Alinipa masharti. Ama Kinasih, ama hakuna albamu. Nikamrekodi siku zako za harusi, nikamwambia asikuambie mpaka itoke."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa kuimba."

"Ndiyo maana hukuniambia?"

"Ndiyo," alisema Wiryadi. Alikuwa mtu mkweli ukimbana. Tatizo ni kwamba kwa miezi hiyo yote hakuna aliyembana.

"Nionyeshe ulivyofanya."

Hapa ndipo mwanamume alipojimaliza. Badala ya kuona aibu, uso ulimng'aa. Alivuta kiti, akafungua programu, akaanza kumweleza kama mtoto aliyetengeneza kishada. Sauti mbili, moja juu, moja chini. Ya juu, ya Ning, inaongoza; ya chini, ya Kinasih, inafuata. Ya chini inavutwa, inasukumwa, mpaka inaanza pale ya juu inapoanza na kupanda pale inapopanda. Mtu hahitaji hata akili, kwa sababu programu inakuja na mipangilio ya tayari: upo wa kubana kabisa, upo wa kubana kiasi, upo wa kulegeza. Unachagua, unabonyeza, basi.

"Lakini hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nyimbo za vijana," alisema. "Ukibana kabisa, Kinasih anatoka kama askari kwenye gwaride. Ukilegeza, anarudi kwenye mdundo wake. Nikakaa nayo, Ning. Muda niifuate sana, sauti niifuate kidogo, nimwachie utamu wake mwenyewe kooni. Nimehangaika wee! Mpaka ikakubali."

Alifungua mahali mipangilio inapokaa. Chini ya ile iliyokuja na programu kulikuwa na mmoja aliouhifadhi yeye. Ulikuwa umeandikwa "Ning".

"Nimekuweka hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Sauti yako haitakuwa hivi milele, na masikio yangu hivyo hivyo. Nilisema angalau hii isipotee."

Ning alitazama jina lake pale kwenye kioo. Labda mwanamke mwingine angelainika. Yeye damu ilimchemka mpaka vidole vikawa vya moto. Mama yake alitembea mpaka nyayo zikapasuka ili kumpa kitu hicho kimoja. Mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja alikichota, akakipa jina lake ili aonekane amemheshimu, kisha akakitoa kwa mwingine bila hata kumuuliza. Na bado anangoja asifiwe!

"Ungefanya hivyo kwa mtu yeyote?" aliuliza.

"Kwa yeyote anayejua maneno ya wimbo."

"Basi imba wewe."

"Mimi? Ning, mimi naimba kama jogoo mwenye mafua."

"Imba, Mas. Si umesema yeyote?"

Alijaribu kucheka. Alipoona hachekewi, alivaa vidude vya masikio, akasogeza kipaza sauti, akaimba ubeti mmoja wa taa barazani. Kweli, alikuwa jogoo mwenye mafua. Aliwahi kila neno, akapanda panapotakiwa kushuka, akakohoa katikati. Kisha akaweka sauti ya mkewe juu na yake chini, akachagua jina la mkewe, akabonyeza.

Spika zikaimba.

Ilikuwa sauti yake Wiryadi, yenye mikwaruzo yake yote, lakini ilikuwa inaning'inia. Ilingoja mguu utue. Ilikuja kwa nafasi yake. Ning alimsikiliza mama yake akitoka kwenye koo la mtu ambaye hakuwahi kubeba hata chupa moja ya jamu, na kitu kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa nzuri. Machozi yalimtoka, akayachukia.

"Unaona?" Wiryadi alinong'ona. Naye alikuwa ameguswa. "Unaona ilivyo?"

"Naona. Hata mimi hunihitaji tena."

Aliposimama ndipo alipomwona Kinasih mlangoni.

Binti alikuwa amekuja kushukuru. Alivaa batiki yake ya Jumapili, na mikononi alikuwa ameshika boksi la serabi za moto, zile chapati laini za mchele, mafuta ya tui yakianza kulowesha karatasi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Macho yake hayakuwa kwa Ning. Yalikuwa kwenye spika.

"Huyo ni Mas Wir?" aliuliza.

Wiryadi aliinuka haraka, akazima. "Mzaha tu, Kinasih. Karibu, karibu, kaa."

"Mas Wir hajui kuimba. Wewe mwenyewe hukusema, Mas, hujui kuimba?" Alimgeukia Ning. "Bu Ning, mimi niliposikia ile albamu nilipiga magoti. Nilimpigia mama simu, nikamwambia nimeweza. Nikamwambia siku ile ya kurekodi nilihisi mwenyewe sijaweza, lakini kumbe nimeweza. Nilikuja kukuambia."

Ning alikuwa amekesha akimtukana binti huyu moyoni. Alimwita mwizi, alimwita nyoka wa mkekani, alimpangia maneno ya kumkata maini Jumatano itakapofika. Sasa alijikuta anatafuta leso kwa macho.

"Kwa hiyo sikuweza," alisema Kinasih.

Wiryadi alifungua mdomo. Ning alimtazama mara moja tu, naye akaufunga.

Angeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi, na ingekuwa huruma: uliweza, mwanangu, hii ni michezo ya mashine tu. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshiba uongo, na wote watatu walikuwa na masikio mazuri mno.

"Hukuweza," alisema Ning. "Bado."

Kinasih aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. Aliliweka boksi la serabi juu ya meza, kando ya kompyuta, kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Akainama kumuaga Ning, akainama kumuaga Wiryadi, akatoka. Jumatano ile hakuja, wala iliyofuata.