Gitaa Lisilo la Bendi

Watu walimwita Baridi kwa sababu alikuwa fundi wa friji, na sijui kama kuna jina lililowahi kumkosea mtu kama hilo. Mwanamke yule alikuwa moto. Mafundi wenzake walimjua: ukimwona anafunga skrubu polepole, kimya, midomo ameibana, tafuta sababu ya kutoka nje.

Mwisho wa juma alikuwa mtu mwingine. Alipiga gitaa la solo katika bendi ya mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake, bendi ya harusi na sherehe za makampuni. Alianza akiwa msichana wa kubeba nyaya, na sasa, mama mzima mwenye mvi za kwanza, vidole vyake ndivyo vilivyowanyanyua watu vitini. Lakini gitaa halikuwa lake. Ngoma, kinanda, spika, hata gundi ya kubandikia nyaya sakafuni, vyote vilikuwa mali ya Mjomba, na Mjomba hakuacha siku ipite bila kumkumbusha hilo.

Jumapili moja mchana, katikati ya mazoezi, Mjomba alinyoosha mkono, wimbo ukakatika. Akamwendea Baridi, akamvua mkanda wa gitaa begani kama mtu anayemvua mtoto shati lenye matope, akamvisha mwanawe, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni na ndevu mpya.

"Wewe mpwa wangu utashika ridhimu," alisema. "Solo siku hizi inataka mtu wa kuangaliwa."

"Kwani mimi siangaliki?"

"Umri, mwanangu, umri. Na gitaa ni langu, au nimekosea?"

Hakukosea, na hilo ndilo lililomchoma Baridi kuliko neno umri. Alipiga ridhimu, gitaa la kusindikiza, hadi mwisho wa mazoezi bila kuinua uso. Akarudi nyumbani akiendesha pikipiki kama anayekimbizwa, na kabla hajavua kofia ya chuma alikuwa ameshaamua: atanunua gitaa lake. Tena si gitaa la kubahatisha. Alitaka gitaa la umeme la hali ya juu kabisa, la mkono wa pili, maana jipya la daraja hilo angeliota tu. Alitaka moja, la maisha, la kumzeekea mikononi.

"Na pikipiki ndiyo unaiuza?" aliuliza dada yake, mshonaji, aliyekuwa akiishi naye. "Mteja wa ng'ambo ya mji utamfuata na nini?"

"Kwa miguu."

"Na mkoba wa vyuma begani?"

"Na mkoba wa vyuma begani."

Dada alimtazama, akakata uzi kwa meno. Alijua ubishi wa damu yake.

Tangazo alilipata kwenye simu. Picha yenyewe ilikuwa mbaya, gitaa limelazwa kitandani, nusu yake imefunikwa na kivuli cha mpigaji picha, lakini Baridi alilitambua kabla hajasoma neno. Muuzaji alikuwa mzee mmoja aliyevuma zamani kwa jina la Nyuzi Tatu, kwa kuwa usiku fulani nyuzi tatu zilimkatikia jukwaani, naye akamaliza dansi na zilizobaki bila mchezaji hata mmoja kugundua.

Mzee mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Baridi alitoa shikamoo. Mzee aliitikia huku akichungulia nyuma ya mgongo wake.

"Mwanao yuko wapi?"

"Mwanangu yupi?"

"Anayenunuliwa gitaa."

Mishipa ya shingo ilimsimama Baridi. "Mzee, nimekuja kununua gitaa. Sikuja kuulizwa uzazi wangu. Kama huwauzii wanawake, sema sasa hivi, nina friji tatu zinaningoja."

Nyuzi Tatu alimkazia macho kwa muda, kisha akarudi nyuma kumpisha. "Ulimi unao," alisema. "Haya, tuone mikono."

Kasha lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa kwa shuka safi. Baridi alipolifungua alishika kifua. Mbao ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na haikuwa na jeraha popote. Gitaa lililomzidi binamu yake umri lilionekana kama limetoka dukani asubuhi ile. Alilinyanyua, akafumba jicho moja, akatazama shingo yake kutoka mwisho hadi mwisho kama seremala anayepima ubao. Ilikuwa imenyooka. Akazungusha kila ufunguo wa uzi. Akalichomeka kwenye ampli ya mzee, akageuza kitufe cha sauti, kikakwaruza.

"Vumbi tu," alisema. "Hilo nitalisafisha mwenyewe."

Akapiga. Hakuwa amepanga apige nini. Hasira ya juma zima ilijipangia. Ilitoka kali, ikapanda, ikagonga dirisha, na alipoushika uzi mmoja na kuuvuta, sauti ilikaa hewani, haikutaka kufa. Alipomaliza alimkuta mzee hamtazami yeye. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, vidole vimepinda na kuvimba viungo kama tangawizi.

Walielewana bei bila kuvutana. Aliyenunua pikipiki angemlipa Baridi Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi angekuja na fedha zote.

"Nikuachie kitu kidogo cha kushikia?"

"Cha nini? Neno langu ndiyo risiti," alisema Nyuzi Tatu. Wakapeana mikono, Baridi akiushika ule wa mzee kwa uangalifu kama anashika yai.

Mdomo huponza kichwa. Alhamisi, kwenye mazoezi, Baridi alishindwa kujizuia. Aliwaeleza wenzake lilivyo, bei yake, linavyolia, linavyokaa begani. Mjomba aliacha kufuta kipaza sauti chake.

"Nyuzi Tatu? Bado yupo yule?" aliuliza kwa upole ambao ungepaswa kumshtua mpwa wake. "Anakaa wapi siku hizi?"

Naye kwa furaha akamweleza, hadi rangi ya mlango.

Jumamosi mlango ulifunguliwa na binti wa mzee, mwanamke nadhifu aliyekuwa akijiandaa kutoka.

"Dada, mbona umejisumbua?" alisema huku akitabasamu. "Mjomba wako si alishalichukua jana? Alisema umemtuma, umebanwa na kazi. Kalipa yote palepale. Baba alikuwa hospitali na mikono yake, nikampokea mimi."

Kutoka chumba cha ndani ilisikika fimbo ikigonga sakafu, halafu sauti. "Nilikuambia nini? Nilikuambia atakuja mwanamke! Mwanamke!"

"Baba, alijua jina lake, alijua bei, alijua kila kitu!"

"Na mwizi wa ng'ombe hujua njia ya zizi!"

Baridi hakupiga kelele. Aliomba maji. Aliyanywa yote, akarudisha glasi mikononi mwa yule binti, na kwa sauti ndogo iliyowafanya baba na mwana wanyamaze, akauliza, "Fedha alizotoa zipo?"

"Zipo. Hatujazigusa."

"Zichukue, Mzee. Vaa na viatu."

Bendi ilikuwa ukumbini ikijiandaa kwa harusi ya alasiri. Wahudumu walikuwa wakifunga vitambaa vyeupe kwenye viti. Jukwaani, chini ya taa ambazo hazikuhitajika bado, binamu alikuwa amelivaa gitaa na kujitazama kwenye kioo cha simu. Mjomba aliwaona wakiingia, akacheka mapema, kicheko cha mtu aliyefumwa na chakula mdomoni.

"Mpwa wangu! Njoo usikie lilivyo tamu."

"Mjomba, mimi nilikutuma?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Ungebaki bila pikipiki na bila hela. Sasa hela yako umebaki nayo, na gitaa liko nyumbani. Ni letu."

"Letu?"

"La bendi. La familia. Hata wewe utalipiga, siku kijana akichoka."

"Yaani chako ni chako," alisema Baridi, na sauti sasa ilianza kupanda ngazi, "ila changu ndicho chetu. Miaka yote nakuomba nibebe gitaa nyumbani nikafanye mazoezi, unaniambia ni lako. Leo nimepata langu, limegeuka la familia kabla sijalifikisha nyumbani! Hiyo hesabu nani alikufundisha?"

Mpiga ngoma alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Chunga mdomo! Mimi ndiye niliyekufundisha gitaa!"

"Wewe ulinifundisha kubeba nyaya. Gitaa nilijifunza kwa kutazama unavyokosea."

Hata wahudumu waliacha vitambaa. Nyuzi Tatu alijikongoja hadi mbele, akaweka bahasha ya fedha juu ya ngoma.

"Mali yako hiyo."

"Biashara imekwisha, mzee," alisema Mjomba.

"Biashara na nani? Mimi na wewe tumeonana leo. Uliingia nyumbani kwangu umevaa jina la mtu mwingine. Kwetu hiyo huitwa wizi. Kwenu mnaiitaje?"

Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni na maua mikononi, akisikia kila neno. Mjomba alimwona. Akashusha sauti, akatabasamu kwa meno tu.

"Wageni wanaingia. Tuyaache haya. Kesho tutakaa, tutayamaliza kifamilia."

Ni neno hilo, kifamilia, lililomaliza subira ya Baridi. Kifamilia ndivyo alivyokuwa akilipwa mwisho baada ya wote. Kifamilia ndivyo alivyovuliwa mkanda mbele ya watu. Alipanda jukwaani, akachomoa waya wa ampli ukutani, akasimama mbele ya binamu yake.

"Vua."

Kijana alimtazama baba yake.

"Usimwangalie yeye. Niangalie mimi. Ulijua?"

Binamu alimeza mate. "Nilijua," alisema. "Tangu Alhamisi."

Akalivua. Alipoligeuza kumkabidhi, Baridi aliona: nyuma, kwenye ile mbao iliyokaa miaka yote bila alama, chuma cha mkanda wa suruali kilikuwa kimechora mkwaruzo mrefu kama kidole. Siku moja tu! Kwa nukta moja alitamani kumtwanga nalo kichwani, na kilichomzuia hakikuwa undugu. Alilihurumia gitaa.

"Ukitoka nalo hapo mlangoni," alisema Mjomba, "usirudi tena katika bendi hii."

"Nisirudi wapi? Kwenye ridhimu?"

Mpiga besi ndiye aliyelitafuta kasha nyuma ya pazia, akamletea, akamfungulia mlango.

Kwenye teksi Baridi alilia. Alilia kwa hasira tupu, kidole chake kikiupapasa ule mkwaruzo kwenda na kurudi. Nyuzi Tatu, aliyekuwa akichekelea tangu ukumbini, alimgeukia.

"Unalilia hicho?"

"Lilikuwa halina hata alama, Mzee!"

"Na unajua kwa nini halikuwa na alama?" Mzee aligeuza uso dirishani. "Nililinunua nikiwa kijana, nikaapa ni la maisha. Nikaliogopea jasho, nikaliogopea walevi, nikaliogopea mvua. Jukwaani nikawa napiga gitaa bovu, hili nimelifungia. Nikasema nitalifaidi nikistaafu." Akaiinua mikono yake, akaishusha. "Basi nimestaafu. Mbele ya hasira niliyo nayo mimi, binti yangu, yako ni ya kitoto."

Baridi alifungua pochi, akamkabidhi fedha zake pale pale kwenye teksi, na mzee akazitia mfukoni bila kuzitazama.

Kesho yake mama yao aliwasili, kitenge amekikaza kiunoni.

"Mjomba ni mama," alisema kabla ya kukaa. "Umekwenda kumvua nguo kaka yangu mbele ya watu."

"Mama, mimi nilimvua gitaa mwanawe. Nguo alijivua mwenyewe."

"Utamwomba radhi."

"Siombi."

Mama aliondoka bila kugusa chai. Kwa miezi kadhaa salamu zake zilipitia kwa dada mshonaji, ambaye alichoka kuwa mtu wa kati na akawaambia wote wawili hivyo.

Miguu ilimuuma Baridi, na wateja wa mbali wawili watatu walimkimbia. Lakini mpiga besi alimpigia simu, halafu mpiga ngoma, na wakaanza kukutana sebuleni kwa Nyuzi Tatu, ambaye hakusifia kitu hata siku moja na alifoka kila walipokosea. Shughuli yao ya kwanza ilikuwa mahafali ya chuo cha ufundi, juani, kwenye uwanja wa vumbi. Baridi alilipiga gitaa lile hadi jasho likachuruzika juu ya mbao, na hakulifuta mpaka wimbo ulipokwisha.

Mjomba aliona picha za siku ile. Akatuma mtu: arudi, atapewa solo, aje na gitaa. Baridi alimwambia yule mjumbe maneno ambayo mjumbe hakuthubutu kuyafikisha.

Walikuja kuonana mwaka uliofuata, mezani kwa mama, siku ambayo familia yote ilialikwa na hakuna aliyeweza kukataa. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wakubwa. Baridi alimwendea.

"Shikamoo, Mjomba."

Mjomba alitazama ukuta. Mazungumzo yakakatika, vijiko vikasimama, mama akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mjomba," alirudia, safari hii kwa sauti ya jukwaani.

Mjomba aliendelea kutazama ukuta. Baridi alivuta kiti, akaketi mbele yake kabisa, uso kwa uso, akajipakulia sahani ikajaa.