Mvua ya Alfajiri

Kazini walimwita Bwana Mvua, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa mkataji wa karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na mkataji wa karatasi hana adui mkubwa kuliko unyevu. Karatasi ikivuta maji ya hewani hujikunja pembe, na ukiikata hivyo hivyo kitabu kinatoka mshazari. Basi mara tatu kwa wiki, masika na kiangazi, aliingia zamu yake ya jioni akitangaza kwamba alfajiri kumenyesha, watu wawe macho na marundo ya karibu na dirisha. Wenzake, ambao baadhi waliishi mtaa wa pili tu kutoka kwake, walikuwa wametoka makwao kukavu kabisa. Walibishana naye miaka nenda miaka rudi, naye akashikilia yake: amesikia kwa masikio yake bati likipigwa, na alipoamka saa tatu ardhi chini ya dirisha lake ilikuwa imelowa. Siku moja mkewe alipopita kiwandani kumletea miwani aliyoisahau, wakamuuliza yeye. "Kidogo tu," alijibu, uso mkavu. Wakamwachia ushindi wake, na jina likamganda.

Sasa mkewe alikuwa na miezi mitano kaburini, na tangu azikwe haikuwa imenyesha alfajiri hata mara moja. Bwana Mvua aliliona hilo kama alivyoona kila kitu siku hizo, kwa mbali. Alisema tu kwamba hali ya hewa imebadilika. Wenzake, ambao kwa mzaha hawakuwa na mpinzani, waliinamia mashine zao.

Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi yenyewe haikuwa ya miguu. Msibani hakulia. Watu walimsifu kwa kujikaza, wakati hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikingoja kilio, hakikuja, akaendelea kupokea mikono ya watu. Baada ya hapo alibakiwa na neno moja, nalo ni "sawa". Msimamizi alipomhamishia zamu ya asubuhi ili asiwe anarudi usiku kwenye nyumba yenye giza, alisema sawa. Binti yake, mshonaji, alipoacha chumba alichopanga akarudi nyumbani na cherehani yake, alisema sawa. Ungemwambia paa linaungua angesema sawa, akaendelea kunywa chai.

Tatizo la zamu mpya lilikuwa jioni. Maisha yake yote jioni zilikuwa za kiwanda, hakuzijua zinafananaje nyumbani. Alirudi saa kumi na moja, akala alichowekewa, kisha mbele yake zikabaki saa nzima nzima zisizo na kazi, pamoja na kiti cha mkewe kando ya mlango wa jikoni. Ndipo alipookota mpira wa maji.

Mbele ya nyumba, kuanzia barazani hadi chini ya dirisha la chumba cha kulala, kulikuwa na uwanja wa ukoka ambao mkewe aliupanda kwa mkono mwaka ule walipohamia. Alileta gunia moja la vipande vya ukoka wenye mizizi, akavichomeka kimoja kimoja, shibiri kwa shibiri, wiki nzima yuko magotini. Ulipofunga ukawa mzito na laini, na wageni walivua viatu bila kuambiwa. Basi kila jua lilipozama Bwana Mvua alisimama pale na mpira mkononi, akamwagilia mpaka giza likaingia na maji yakaanza kutuama kwenye vidole vyake vya miguu. Hakuwaza kitu. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo haikumlemea. Alikuwa na hakika kwamba anamtunzia mkewe kitu chake, na kama kulikuwa na upendo wowote uliosalia ndani yake, aliumimina wote pale.

Ukoka ukaanza kuoza.

Joto la mji ule huwa halipoi usiku. Hewa inabaki nzito na yenye majimaji, kama jikoni panapochemshwa nguo. Kwanza yalitokea mabaka ya duara, ukubwa wa sinia, rangi ya chai ya maziwa. Kisha mabaka yakapanuka yakashikana, na asubuhi juu yake kukawa na utando mweupe mwembamba. Bwana Mvua alipoona majani yamekauka alifanya ambacho mtu yeyote asiyejua angefanya, akaongeza maji. Ndani ya wiki tatu harufu ya tambara lililosahauliwa kwenye beseni ikaingia mpaka sebuleni.

Binti yake alivumilia mpaka akachoka. Alishonea dirishani, na kila akiinua macho aliona kazi ya mama yake inaoza. Akasema afadhali ardhi ifunikwe moja kwa moja kuliko kuitazama ikifa. Alikuwa ameshazungumza na mtu wa lori. Matofali ya zege ya kutandika nje yangekuja Jumamosi, na Ijumaa fundi wa bustani angekuja kung'oa nyasi. Baba yake alisema sawa. Binti alimtazama kwa muda, huenda alitamani akatae, kisha akaurudia mshono wake.

Fundi wa bustani alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyetunza nyumba kubwa za mtaa wa juu na kupita hapo kila siku gizagiza akienda kazini. Ijumaa alikuja na jembe, akalitua, wala hakulitumia. Alipiga magoti kwenye baka baya kuliko yote, akapekua, akavuta kipande cha mzizi na kukivunja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe.

"Huu haujafa," alisema. "Una ukungu. Unaumwagilia saa ngapi, kaka?"

"Jioni. Kila siku."

Fundi aliguna. Akaeleza taratibu, kama mtu anayeogopa kumvunjia mwenzake heshima nyumbani kwake, kwamba kwa joto kama hili nyasi zikilala na maji usiku kucha ukungu unafanya sherehe. Zinyweshwe alfajiri, mara mbili au tatu kwa wiki, zishibe, kisha jua lije likaushe majani. Alichoshangaa ni kwamba jambo hilo liwe geni katika nyumba hii.

"Si mama mwenyewe alikuwa akimwagilia saa kumi na moja alfajiri? Napita hapa, namkuta. Kaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yanaruka mpaka kwenye bati la banda la kuku, kelele tupu. Nikamwambia, mama, utamwamsha mzee. Akasema, mwache, yeye anadhani mvua."

Bwana Mvua aligeuka kulitazama banda la kuku. Lilikuwa tupu siku nyingi, limeegemea ukuta chini ya dirisha la chumba cha kulala, bati lake limeliwa na kutu. Miaka kumi na tisa alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta ule akiisikiliza mvua, akijivuta shuka, akitafuta usingizi mtamu zaidi. Aliamka akakuta chai mezani na mkewe mikono imenywea kwa maji, asiulize. Kidogo tu, alisema yule mwanamke mbele ya wanaume kumi na wawili, na wala hakutabasamu.

Aibu ilimshika, na ilikuwa hisia yake ya kwanza tangu mazishi. Jioni baada ya jioni, kwa mkono wake, alikuwa akiiua kazi ya mkewe huku akijiona mtunzaji. Alimshukuru fundi, akaingia ndani ambako cherehani ilikuwa ikinguruma, akasimama mpaka binti yake akainua mguu kwenye pedali.

"Hayo matofali yasubiri," alisema.

Binti alikuwa amezoea sawa, kwa hiyo ilimchukua muda kuelewa. Akauliza yasubiri mpaka lini. Baba yake akasema mwezi. Wakapatana hivyo: mwezi ukiisha, kama bado kuna baka lisilo na kijani, lori linakuja na hakuna maneno mengine. Kuhusu mvua hakumwambia chochote. Hakujua aanzie wapi.

Kilichomshinda zaidi hakikuwa alfajiri, ni jioni. Jua lilipozama mkono wake uliutafuta mpira wenyewe, naye ilimbidi aingie ndani, akae, akitazame kile kiti. Alikitazama. Siku ya nne alikaa juu yake, akagundua kwamba kutoka pale mtu anaona uwanja wote wa nyasi kupitia mlango wa mbele, na hilo pia hakulijua.

Alfajiri ya kwanza simu ililia kumwamsha, akaizima akalala. Ya pili alitoka. Yeye na fundi waliondoa vilivyooza, wakachomeka vipande vipya, wakaacha majani marefu kidogo yatie kivuli mizizi. Alimwagilia kwa upole, mdomo wa mpira ukigusa ardhi, asimwamshe binti aliyekesha na nguo za watu. Wiki mbili hapakutokea lolote. Ya tatu nyuzi za kijani zikaanza kutambaa kutoka pembeni kuingia kwenye mabaka, zikishika udongo kila baada ya kidole kimoja. Naye alizitazama akiwa na ganzi ile ile. Alikuwa akifanya linalotakiwa, basi. Kilio hakikuja, naye alikuwa ameacha kukingoja.

Mwezi ulipotimia mabaka mawili yalikuwa bado wazi, na lori lilikuwa la siku hiyo. Alitoka saa kumi na moja kama kawaida. Akafungua bomba, akasimama pale aliposimama mkewe, kisha akaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Maji yakaruka juu yakatawanyika, yakaangukia bati la banda la kuku. Ilikuwa ni mvua yake yenyewe. Alisimama akiisikiliza kwa mara ya kwanza akiwa macho.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Binti yake alitoka mbio, peku, macho bado yana usingizi, akaiendea kamba ya nguo na kulivuta gauni la mteja alilolianika jana. Alikuwa ameshalikumbatia alipoinua uso akaona nyota.

"Kumbe ni wewe, Baba," alisema. "Nilidhani mvua."

"Kidogo tu," alijibu.

Kilio kilichokuwa kimechelewa miezi sita kilimjia amesimama, mpira mkononi, maji yakimmwagikia miguuni, na hakujaribu kukizuia. Binti hakuelewa, lakini alilitupa gauni barazani, akaja akamshika mkono mpaka akatulia. Akasema atampigia mtu wa lori, ayapeleke matofali kwingine. Kisha akaenda kufunga bomba, maana upande ule ulikuwa umeshashiba.