Wagika, Wagalu na Mama wa Opera

Siku kaka yangu Masalu alipofariki, tangazo lilikuwa limeshabandikwa kwenye mlango wa banda la video pale Nyasubi: "Jumamosi, sehemu ya mwisho. Mgika au Mgalu?" Malaria ilimpanda kichwani Jumanne, Jumatano asubuhi hakuamka. Tulimzika Songwa, kwa baba. Tangazo hakuna aliyelibandua.

Masalu alikuwa mtafsiri wa banda. Picha inaendelea kwa Kiingereza, yeye ameshika kipaza sauti, anawasemea wote, vikongwe kwa watoto. Kilichompa jina ni kichekesho cha Ulaya cha dada wawili wenye duka la maua, wanaogombana kutwa kuhusu michoro, mashairi na muziki wa kizamani. Mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nilimtafutia maana.

"Hapa wanabishana mchoraji yupi ni bora," namwambia.

"Ritha, nani Kahama hii atacheka kwa ajili ya mchoraji?"

Basi akamfanya dada mkubwa Mgika na mdogo Mgalu, kama vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana Usukumani baada ya mavuno, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho mshindi. Kila mchoraji akawa mganga wa ngoma, mwenye dawa ya kuvuta watu. Banda likagawanyika, Wagika kushoto, Wagalu kulia, na watu wakawa wanakuja na filimbi.

Msiba ulipoisha, Zamoyoni mwenye banda alinifuata nyumbani.

"Pole tena, dada. Watu wananiuliza kila siku. Jumamosi shika wewe. Wakikaa, vichekesho vinaendelea. Wakitoka, narudisha mpira, sina namna."

Nilikubali. Sikutaka kazi ya Masalu iishie kwenye tangazo.

Banda lilifurika mpaka mlangoni. Nikaanza vizuri, vizuri mno.

"Hapa hawa dada wamekuja kutazama opera. Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote huimbwa, na asili yake..."

"Mwalimu!" aliita Makoye, mchimbaji, kinara wa Wagalu. "Kengele ya mapumziko inagongwa saa ngapi?"

Walicheka, ila walinicheka mimi. Vijana watatu wakainuka kuondoka.

"Mwacheni, nyie! Mtoto wa watu kafiwa," alisema Mbuke, muuza karanga, Mgika wa damu.

Hilo liliniuma kuliko kengele ya Makoye.

Kwenye picha, mwimbaji mmoja, mama mnene, akachomwa kisu. Akaanguka. Akaanza kuimba. Akaimba, akaimba. Dada mkubwa analia, mdogo anatazama saa. Nikaona macho yote yamehama kwenye picha, yananitazama mimi: mtu anakufa, na mwenye kipaza sauti ni mfiwa.

Masalu angelirukia jambo hili kwa miguu yote miwili. Nikavuta pumzi, nikaingia kwenye sauti ya Mgalu.

"Dada, huyu kachomwa kisu kweli? Mimi nikipanda kilima cha Buzwagi tu sina pumzi hizo!"

Mtu akapaliwa na kicheko huko nyuma. Nikamjibu kwa sauti ya Mgika:

"Nyamaza, mshamba! Huyu ni ningi, kiongozi wa ngoma. Umeona wapi ningi akafa watu wamejaa upande wake? Anasubiri mhamie kwa wapinzani, ndiyo akate roho!"

"Hatuhami!" Mbuke aliruka, karanga zikamwagika. Upande wote wa kushoto ukalipuka, "Hatuhami! Hatuhami!" na filimbi juu.

Makoye alipanda kwenye benchi. "Hameni jamani, mama wa watu apumzike!"

Na yule mwimbaji, kama aliyewasikia, akainua kichwa na kuanza ubeti mwingine. Mabati yalitikisika kwa kelele. Wale vijana watatu walikuwa wamekaa chini kabisa mbele, wanapiga mapaja. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, nikaendelea kuwasemea dada wote wawili, nikiwagombanisha bila kupumua, mpaka wao, kwenye picha, walipofukuzwa ukumbini kwa kucheka, wakaondoka wameshikana mikono.

"Mgika kashinda!"

"Kashinda wapi? Si kafukuzwa!"

Watazamaji walibishana hadi barabarani. Zamoyoni alisimama mlangoni, anafuta macho kwa kofia yake.

"Masalu angekuona," alisema.



Sasa natafsiri kila Jumamosi. Mpira unaonyeshwa Jumapili.