Mtoto wa Miaka Arobaini na Moja

Paskazia alipanda basi kutoka Usoke kwa mara ya nne, na safari hii hakubeba hata kipande cha muhogo. Mara tatu alikwenda Tabora mjini kusikiliza rufaa ya Renatus, mara tatu akarudi na neno lilelile: imeahirishwa. Leo jaji ana semina, kesho mrufani hakuletwa, keshokutwa jalada halijafika.

Renatus alikuwa jirani, mtu aliyekula kwao kila msimu wa tumbaku. Alimbaka Julieth, binti wa Paskazia, msichana wa miaka kumi na minne. Mahakama ya chini ilimfunga miaka thelathini, naye akakata rufaa wiki hiyohiyo.

Mlangoni mwa mahakama alikutana na Benedikta, wakili wa Serikali.

"Shikamoo mama. Leo inasikilizwa, ila kuna jambo. Kwenye mwenendo wa kesi, zile kumbukumbu za mahakama ya chini zilizochapwa, umri wa Julieth umeandikwa arobaini na moja."

"Marahaba. Arobaini na ngapi?"

"Na moja. Aliyechapa aligeuza tarakimu. Sasa wakili wa Renatus anasema umri haukuthibitishwa, hivyo hukumu na adhabu vyote vifutwe."

Paskazia nusura acheke, akamfuata ndani.

Wakili wa Renatus alizungumza karibu saa nzima. Kila alipotamka "mwanamke wa miaka arobaini na moja," Paskazia alijikunja kama anayefinywa. Mara ya tano akasimama.

"Mheshimiwa, mimi mwenyewe nina thelathini na tisa! Nimemzaaje mtu aliyenizidi umri?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimuuma kuliko maneno ya wakili. Askari akamsogelea, lakini jaji akamzuia kwa mkono.

"Kaa, mama. Nimekusikia, ila hapa sichukui ushahidi mpya. Nasoma ulioutoa kule."

"Basi usomeni," alinong'ona akikaa. "Niliutoa wote."

Benedikta aliomba jalada la awali, lile ambalo hakimu aliliandika kwa mkono. Jaji alifunua kurasa polepole mno. Mwisho akasoma kwa sauti: shahidi wa kwanza, mwanafunzi, miaka kumi na minne. Ukurasa wa pili yalikuwamo maneno ya Paskazia mwenyewe, mwaka, mwezi na zahanati alikojifungulia. Yote yaliandikwa miaka mitatu iliyopita.

Alasiri jaji aliitupa rufaa. Kifungo kikabaki vilevile. Kabla Renatus hajatolewa, wakili wake alimwambia Benedikta kwamba watakwenda Mahakama ya Rufani.

"Na huko wataandika ana miaka mingapi?" Paskazia aliuliza.

Benedikta alimshika mkono, akamsindikiza hadi nje.

Akiwa kituo cha basi, Paskazia alimpigia simu Julieth, aliyekuwa Bukene kwa shangazi yake akijifunza ushonaji.

"Ameshindwa, mwanangu. Lakini anakata rufaa nyingine."

Cherehani ilinyamaza upande wa pili.

"Mama, ukitaka kwenda, nenda. Ila usinipigie kunisimulia. Kila ukipiga narudi kulekule. Nina nguo za Kipaimara hapa."

Paskazia alitaka kumfokea: safari zote hizi anazifanya kwa ajili ya nani? Badala yake akauliza:

"Nguo ngapi?"

"Kumi na mbili. Mbili bado hazina mikono, na Kipaimara ni Jumapili."

"Basi shona, mama yangu," alisema. "Shona."