Madirisha ya Mwanangu

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na sisemi hivi kwa kuwa nimemzaa: mtaa mzima hakuna anayemfikia. Grili zake hata mwizi angesimama kwanza azitazame, ndipo arudi kwao mikono mitupu. Ndiyo maana dada yangu alipoibiwa hakuhangaika kutafuta fundi. Mwanangu alimfungia madirisha yote bure, kwa vyuma vyake mwenyewe, maana mama yake mkubwa alikuwa hapati tena usingizi kwa hofu.

Kisha usiku mmoja nyumba ya dada ikashika moto. Ulianzia jikoni, karibu na mlango wa kutokea. Dada alikimbilia dirisha la chumbani. Majirani walimshika mikono katikati ya nondo, wakavuta, wakagonga kwa nyundo, na chuma hakikutikisika. Kazi ya mwanangu haitikisiki.

Baada ya maziko tulikutana sebuleni kwangu. Kaka yetu mkubwa, ambaye akianza kuongea hata chai hupoa, alitaka jambo liishe.

"Kijana alikuwa na nia njema, nani hapa hajui?" alisema. "Ni ajali. Tumwambie hana kosa, naye apumzike."

Vichwa vyote viliitikia, na changu kilitangulia. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na yeyote ambaye angemnyooshea kidole. Nilimwogopa mmoja tu, binti wa marehemu, aliyekaa mkekani tangu asubuhi, uso ameuinamisha.

Mwanangu mwenyewe akasimama.

"Mjomba, niwie radhi. Nia ilikuwa njema, kweli. Lakini grili ya dirisha la chumbani huwekewa bawaba, ifunguke kwa ndani. Kila fundi anajua hilo, na mimi nilijua. Nikaona bawaba itaniharibia kazi, mwizi ataanzia hapohapo. Nikachomelea yote."

"Kaa chini, baba," nilimwambia.

"Mama, niache nimalize." Hajawahi kunijibu hivyo. "Mkisema sina kosa, kesho nitafunga nyumba nyingine vilevile. Kosa ninalo. Nimeanza kupita kwenye nyumba nilizofunga, nakata, naweka bawaba. Wengine wananifukuza, wanasema nawakaribishia wezi. Nitawarudia."

Nilitamani kumziba mdomo. Kisha nikajikuta nimekaa wima, kifua mbele. Niseme ukweli, niliona fahari, tena katikati ya msiba wa dada yangu wa tumbo moja, mpaka nikajionea haya. Watu wazima tulikuwa tumeshamsafisha, na yeye akakataa kusafishwa kwa maneno matamu. Huyo nimemzaa mimi.

Binti wa marehemu aliinua uso.

"Siwezi kukusamehe," alisema. "Labda siku moja. Leo siwezi."

"Najua, dada."

"Nia yako haimrudishi mama yangu."

"Haimrudishi."

Kaka akakohoa, anataka kuingilia. Nilimkata jicho, akameza alichotaka kusema.

"Madirisha ya kwangu ulifunga wewe," binti aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Wanangu wanalala chumba cha nyuma. Njoo ukate leo. Usimtume mtu, njoo mwenyewe."

Mwanangu aligeuka kwenda kuchukua grenda yake ya kukatia vyuma. Kaka akauliza kama kikao kimekwisha, maana hakuna uamuzi uliotolewa. Nilimwambia asogeze miguu, fundi anapita.