Kapu la Masikio

Nililala mchana wa Jumapili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nivae joho, na nililala kwa sababu sikutaka kufikiri. Asubuhi ile, baada ya mahubiri, nilikuwa nimesoma jina la Mzee Elinaja Mrutu miongoni mwa waliotengwa. Usharika wetu huku milimani Upare haujaitupa desturi ya waliotutangulia: Mkristo akianguka hadharani hutajwa hadharani, hukaa mbali na Meza ya Bwana, na siku ya kutubu husimama mbele ya madhabahu, watu wote wakimtazama, ndipo arudishwe kundini. Lakini desturi hiyo hiyo inaagiza kwamba kabla jina halijatajwa, mchungaji aende nyumbani kwa mtu huyo, aketi, amsikilize. Nyumbani kwa Mzee Elinaja sikwenda. Niliona hakuna haja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akilishika sinia la vikombe vya Ushirika, na sasa alikuwa amekosa kufika mezani mara tatu mfululizo. Tena watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wameninong'oneza kwamba amerudia matambiko. Kwangu mimi ushahidi ulikuwa umetosha.

Ni kweli alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mara zote alisimama mbele yangu akiwa ameitia mikono yote miwili katika mifuko ya koti. Mimi ni mtoto wa bweni, nami sioni haya kulitamka hilo. Shule ya misheni iliyonilea ilinifundisha kuamka kwa kengele, kutandika kitanda kama karatasi, na kutosimama kamwe mbele ya mkubwa nikiwa na mikono mfukoni. Nilikuwa kiranja mkuu. Majina ya wakosaji niliyasoma mimi kwenye paredi, na hakuna aliyethubutu kunijibu. Kwa hiyo, Mzee Elinaja alipokuja mara ya tatu na kusema, "Mchungaji, nina neno juu ya mikono yangu," nilimkatiza nikamwambia aanze kwa kuitoa mfukoni. Aliinamisha kichwa, akaondoka. Na asubuhi ile niliposoma jina lake, alisimama, akaweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akapita katikati ya kanisa hadi mlangoni, mikono mfukoni. Mkewe Nietiwe alikuwa kwenye kwaya. Wakati wimbo uliofuata ukiimbwa, kinywa chake kilikuwa wazi na sauti haikutoka. Saa kumi jioni baraza la wazee lilikuwa likutane kuithibitisha barua. Ikigongwa muhuri, mtu yule asingekanyaga tena kanisani, namjua. Na siku ya kufa kwake angezikwa bila kengele, katika usharika ambao babu yake alibeba mawe ya msingi. Nilikula chakula changu, nikaketi katika kiti changu cha mninga ofisini, na usingizi ukanichukua kama mtu anayeburutwa.

Nikajiona nimesimama kwenye uwanja wa udongo mwekundu usio na mwisho, uliopigwa mistari ya chokaa kama paredi ya shule yetu. Juu ya mistari hiyo walisimama maelfu ya watu waliovaa majoho, na kola nyeupe, na mavazi ya uzee wa kanisa, wote wamekaza shingo, wote wanatazama mbele. Akatoka mbele yao mtu mrefu mwenye koti la shule yangu, jipya kama lilivyokuwa siku nilipopewa, na filimbi ya fedha kifuani. Aliniita kwa namba yangu ya bweni, sabini na nne, namba ambayo hata mke wangu haijui, akanikaribisha nyumbani. Nilimjua papo hapo. Alikuwa Kiburi, na uso wake ulikuwa wangu, ila haukuwa na kunyanzi hata moja. Aliniambia kwa furaha kwamba tunashuka kuwarudi watu wa Bondeni, kwani wameshikwa na ugonjwa mbaya. Nikamuuliza ni ugonjwa gani.

"Kila mmoja wao ana la kusema," akajibu, na jeshi zima likacheka kwa pamoja, kama watu waliopewa amri ya kucheka.

Nikaomba silaha. Kiburi akaniambia nifumbue kinywa, akaushika ulimi wangu kwa vidole viwili, akauvuta; ukatoka, ukaendelea kutoka, hata ukawa upanga wa dhiraa mbili, shina lake likiwa bado katika koo langu, nami nikiushika mpini wake mkononi. Pembeni alikuwa amechutama mtu mwembamba mwenye jiwe la kunolea. Huyo alikuwa Uvumi. Alizinoa panga zetu moja baada ya nyingine, na makali aliyoyatia yaliweza kupasua unywele. Askari mmoja alimuuliza kwa nini yeye hashuki vitani hata siku moja. Uvumi akajishika kiuno, akasema mgongo wake haumruhusu, baba, lakini kila damu itakayomwagika leo yeye ataitambua kama mtu anavyomtambua mwanawe.

Filimbi ikalia, tukashuka. Ndugu zangu mnaoliongoza kanisa, sitawaficha niliyoyatenda. Watu wa Bondeni hawakuwa na mkuki wala ngao. Walitoka majumbani mwao, wanaume kwa wanawake, wakiwa wamenyoosha viganja, na kila mmoja alikuwa akifumbua kinywa aseme. Tuliwapiga kabla neno halijatoka. Amri ilikuwa kukata masikio, la kulia kwanza, kisha la kushoto, ili wasimsikie mwingine yeyote ila sisi. Nilimkata mwanamke aliyekuwa ameanza kusema neno "naomba". Nilimkata mzee aliyepiga magoti, na aliponishika mguu nilimpiga kwa mpini hata meno yake yakatapakaa mavumbini kama punje za mahindi. Damu ilitiririka kwenye mifereji ya mashamba ikashuka ngazi kwa ngazi, na mashina ya migomba yakapakwa nyekundu kufikia kimo cha bega. Nyuma yetu walifuata wachukuzi wenye makapu, wakikusanya masikio, na kapu langu lilijaa kabla ya makapu ya wote. Mkono haukuchoka, na hilo ndilo linalonitisha hata leo. Nilijiona mwenye haki. Nilijiona nikisafisha.

Kijiji kiliponyamaza, Kiburi aliamuru mimbari ijengwe kwa milango tuliyoivunja, akanipandisha. Chini yangu walikalishwa wale waliobaki hai, mashavu yao yamefunikwa na damu iliyoganda. Nikahubiri. Sijawahi kuhubiri hivyo maishani. Hoja ziliungana kama mawe ya ukuta mzuri, na mwisho wake ulinitoa machozi mimi mwenyewe. Walinitazama kama ng'ombe watazamavyo mvua. Nikapaza sauti. Nikapiga mimbari kwa ngumi hata mbao zikanichana. Hakuna aliyetikisa kichwa wala kuitikia amina, nami nikamgeukia Kiburi kwa hasira nikamuuliza watu hawa wana nini. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akalionyesha kapu langu kwa kidole.

Wakati huo ndipo nilipomwona mtu mmoja amesimama peke yake mwisho wa uwanja, uso wake umefunikwa kwa kitambaa cheupe cha madhabahu, mikono yake imo mifukoni. Kiburi alimwona pia. Akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo, "Umebakiza mmoja, Kiranja. Tena huyo mwenye dharau." Nikashuka kwenye mimbari, nikamwendea, nikainua upanga kwa mikono yote miwili, nikauteremsha.

Haukufika. Mwanamke wa makamo, mwenye sindano kwenye ukosi wa gauni na uzi mweusi shingoni, alikuwa ameingia katikati yetu akaudaka upanga kwa kiganja chake kitupu. Makali yakazama hadi kwenye mfupa. Hakulia. Damu ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye akasema, "Kabla hujamkata huyu, shika kichwa chako mwenyewe."

Nikajishika. Mahali pa masikio yangu palikuwa laini, kovu la zamani, kavu kabisa. Nyuma yangu Kiburi alikuwa akicheka cheko la mtu anayekumbuka enzi njema, akasema niliyatoa mwenyewe siku nilipovishwa beji ya ukiranja, na sikutoa hata chozi, na bweni zima lilinipigia makofi. Nilikumbuka makofi yale.

Yule mwanamke alikuwa Usikivu. Alifungua pindo la kanga yake, na ndani yake yalikuwamo masikio mawili madogo ya mtoto wa miaka kumi na mitatu, mabichi kana kwamba yamekatwa sasa hivi. Aliniambia alinifuata nayo miaka yote hii, katika chuo cha uchungaji, siku ya kubarikiwa kwangu, kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, akisubiri nimtazame. "Shule haikukukosea," akasema. "Ilikufundisha kusimama mbele ya watu, na hilo linafaa. Lakini kusimama mbele ya watu si sawa na kuketi na mtu, na wewe ulidhani ukilijua la kwanza umelijua la pili. Kondoo hapangwi mstari. Sasa vumilia, kwa maana kushona kunauma kuliko kukata."

Akanishona kwa mkono wake uliojeruhiwa, na kila mchomo wa sindano ulifika kwenye ubongo. Nilipiga kelele zisizo na aibu. Alipofunga fundo la mwisho na kulikata kwa meno, sauti ya kwanza niliyoisikia haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya vikombe vidogo vikigongana juu ya sinia, harakaharaka, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikakumbuka Pasaka iliyopita. Niliisikia sauti ile nyuma yangu nikiwa madhabahuni, nikadhani ni haraka ya mtu mzembe. Kisha nikayaona matone ya divai juu ya kitambaa cheupe, nikawagombeza akina mama wanaofua vitambaa. Halafu nikasikia, kwa sauti ya Mzee Elinaja, maneno yale, nina neno juu ya mikono yangu. Na baada yake nikasikia pumzi. Alikuwa amevuta pumzi ili aendelee. Ile pumzi mimi niliikanyaga.

Mtu yule akaitoa mikono yake mifukoni. Ilikuwa ikitetemeka kama majani ya mgomba penye upepo, na kadiri alivyojitahidi kuituliza ndivyo ilivyozidi. Kitambaa kikaanguka kutoka usoni pake, naye alikuwa Mzee Elinaja. Nilijaribu kuutupa upanga wangu, lakini ulikuwa na mizizi kooni, na nilipouvuta niliona nitajichana mwenyewe. Usikivu akaushika mkono wangu. "Huo ni ulimi wako," akasema, "na utauhitaji. Urudishe alani. Ala yake ni meno."

Kiburi akapuliza filimbi. Jeshi zima likanigeukia, majoho yamelowa, panga juu. Wale niliokuwa nimekata nao bega kwa bega wakaja mbio wakiyatazama masikio yangu mapya. Pigo la kwanza lilinipata begani, la pili likanipasua paji la uso, damu ikaniziba macho, na Kiburi mwenyewe akanikamata sikio la kulia akaliinua ili alikate vizuri. Akaniambia neno moja tu, kwamba nikisema "kosa langu husamehewa, mimi ni kiongozi", ataniacha. Nikauma meno. Upanga ukashuka.

Mlango wa ofisi ulikuwa ukigongwa. Katibu wa baraza aliingiza kichwa, akasema wazee wamekwisha kuketi, barua iko mezani, umebaki muhuri. Sikio langu la kulia lilikuwa likiniuma, kwa kuwa nililala nimelilalia kwenye mbao za kiti. Nililishika kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu mzima, na katibu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwagiza muhuri usiguswe, na wazee wanisubiri au waende zao, wapendavyo. Sikuchukua Biblia wala kitabu cha ibada. Nilijijua: ningekuwa na kitabu mkononi ningesoma.

Nietiwe alinikuta mlangoni pake, hakusogea. "Umekuja kutusomea lingine, Baba Mchungaji?" akauliza. Nilimjibu kwamba nimekuja kusikiliza. Akanipima kuanzia viatu mpaka kola, akasema basi nianze kwa kujifunza kukaa, akanionyesha kigoda.

Mzee Elinaja alikuwa ameketi, mikono yake imefunikwa kwa kitenge mapajani. Nilikaa. Jogoo aliingia, akatoka. Mara tano maneno yalinijia, maneno mazuri, yenye mpangilio, na mara tano niliuma meno. Hatimaye alianza yeye. Alisema kutetemeka kulianza mwaka juzi, wakati wa kuvuna tangawizi. Kwamba Pasaka ile nusura amwage sinia zima, akaona afadhali akose yeye kuliko kuimwaga damu ya Bwana miguuni pa watoto. Kwamba alikwenda kwa mtu wa mitishamba ng'ambo ya mlima kutafuta dawa ya kuchua, na bila shaka huko ndiko walikomwona wale walioniletea habari ya matambiko. Kisha akakiondoa kitenge. Mikono ile nilikuwa nimeiona tayari ndotoni, na bado iliniumiza kuiona.

Aliponiuliza kuhusu Jumapili ijayo, nilimwambia jina lake litafutwa hadharani kama lilivyosomwa, na kwamba atakayesimama mbele ya madhabahu, mahali pa wanaorudi kundini, watu wote wakimtazama, nitakuwa mimi. Nietiwe alikuwa ameleta chai. Mzee alikishika kikombe kwa mikono miwili, kikagongana na kisahani, nusu ya chai ikamwagika kwenye sakafu, nami nikaisikiliza sauti ile mpaka ikaisha. Alikunywa iliyobaki. Akanitazama juu ya ukingo wa kikombe.

"Basi siku hiyo, Mchungaji," akasema, "mikono uitoe mfukoni."

Nietiwe ndiye aliyecheka kwanza.