Sauti ya Mama Nadra

Akaliza hakuwa mtu wa magemu. Alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Gisenyi, na Mungu alimpa kipaji kimoja cha ajabu: akishamsikia mtu akisema, humwiga mpaka mwenyewe akashituka. Aliwaiga wageni, mapadri, madereva wa pikipiki, hata mama yake mzazi, Cansilde, akigombana na simu isiyoshika mtandao. Wapishi waliacha sufuria zikaungua kwa kumsikiliza.

Bruce alimkuta hapo. Huyu alikuwa kijana aliyekulia Uganda, akarudi Kigali kufungua kampuni ndogo ya kutengeneza magemu. Alifikia hotelini siku mbili tatu kupiga picha za ziwa, akamsikia Akaliza akimwiga meneja nyuma ya kaunta, akacheka hadi akakaa chini. Kabla ya kuondoka alimwomba aende Kigali akajaribiwe sauti.

Gemu lenyewe liliitwa Sanduku la Kivu. Msichana mmoja, Keza, anatafuta sanduku la dhahabu lililozamishwa ziwani zamani za vita. Anakwea majabali, anapiga mbizi kwenye mapango, anafumbua mafumbo yaliyochorwa ukutani, anakimbizana kwa boti na majambazi wanaolitaka sanduku hilo hilo. Mwanzoni anavushwa mpaka na bibi mmoja mchukuzi, na katikati ya safari bibi huyo anamuuza kwa majambazi kwa gunia la sukari. Sauti ya bibi huyo ndiyo aliyopewa Akaliza.

Siku ya kwanza alisoma maneno kwa sauti yake, akiizeesha kidogo. Bruce alivua visikilizio, akasema kwa upole kwamba ni sawa, ila chumvi haijakolea. Akaliza alitaka sana kupendeza. Akalegeza ulimi, akaupitisha penye mwanya wa meno ambao yeye hana, akavuta pumzi kwa ndani kabla ya neno zito, na Mama Nadra akatoka mzima mzima kwenye kipaza sauti. Chumba kizima kilivunjika mbavu. Akaliza hakumbuki kama aliwahi kufurahi kuliko dakika ile.

Mama Nadra ni jirani yao mtaani Mbugangari. Jina lake ni Mukeshimana, ila hakuna amwitaye hivyo. Kila asubuhi huvuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière na beseni la nyanya na karoti kwenda kuuza Goma. Siku moja ya mvua aliteleza pale mpakani. Badala ya kuachia beseni ajikinge, alilikumbatia, akaangukia uso. Nyanya zilipona, meno mawili ya mbele hayakupona, na tangu hapo kila akisema neno lenye «s» hutoka mluzi mwembamba. Cansilde alikuwa akishinda ofisini wilayani, kwa hiyo Akaliza alilelewa kwenye nyumba ile. Yeye na Nadra, binti wa nyumba hiyo, walioga beseni moja, wakala sahani moja. Kinyarwanda alikinyonya kwa mama yake, lakini Kiswahili cha Goma alikipata kwa Mama Nadra, na kilikuwa lugha yao ya siri, ya mekoni, ya kucheka.

Bruce alipoona sauti ile imeshika, aliongeza maneno ya bibi, kisha akamwachia Akaliza atie ya kwake. Akatia. Alitia namna Mama Nadra anavyobembeleza wateja, anavyolaani mvua, anavyosema «bon», yaani haya basi, na kunyamaza kana kwamba amemaliza hotuba. Halafu wakafika pale bibi anapomtazama Keza akiburutwa na majambazi, na neno la kufaa lilikosekana. Akaliza akasema, kwa mluzi na pumzi ya ndani:

«Mi sikulia. Ni macho tu ilitoka maji.»

Bruce alijifuta machozi ya kicheko, akasema hilo asiliguse mtu tena.

Neno lile halikuwa la kubuni. Mzee Faradji, mume wa Mama Nadra, alikwenda Bukavu kwa shughuli za malori, na baadaye akatuma mtu aseme kwamba ana nyumba nyingine huko, wasimngojee. Mama Nadra hakutoa chozi mbele za watu. Ila mchana mmoja, wakimenya viazi wawili tu, alimwambia Akaliza maneno hayo bila kuinua macho kwenye kisu, kisha akamwomba asimwambie Nadra. Akaliza aliapa. Na kweli hakumwambia Nadra. Aliliambia gemu.

Gemu lilipotoka, watu walilipokea vizuri. Derek, kijana wa Kigali ambaye huchambua magemu kwenye mtandao na kuogopwa kwa ulimi wake, alilifanyia kipindi kirefu, na Akaliza akakisikiliza saa ya mapumziko nyuma ya hoteli. Derek alilisifu ziwa: maji yanabadilika rangi kadiri jua linavyosogea, na ukipiga mbizi sauti zote zinazama pamoja nawe. Alisifu mafumbo, kwamba yanakufanya ufikiri bila kukutukana. Kisha akageuka. Alisema mapigano yanachosha, majambazi ni wale wale waliobadilishwa mashati. Boti ni nzito kama unavuta gogo. Ukiwa jabalini kamera inajificha usione pa kushika. Na mwisho umelipuliwa, kama mtu aliyekumbuka ana basi la kuwahi.

Akafika kwa bibi. Alisema katika gemu zima huyo ndiye mtu mmoja aliye hai, na kwamba aliyempa sauti anastahili tuzo. Akaliza alijisikia anakua hapo alipokaa. Lakini Derek hakuwa amemaliza. Alisema kosa kubwa la gemu ni hilo hilo: limepata mtu mwenye roho halafu halikujua limfanye nini, likamfanya msaliti wa kuchekesha. Ukimsikia bibi yule kwa dakika moja tu, alisema, huwezi kuamini kwamba angemuuza mtoto wa mtu kwa sukari.

Akaliza alizima simu. Wengine walidhani ni maoni tu ya mchambuzi. Yeye alimjua bibi yule alipo na anachouza, na alijua Derek amesema kweli. Aibu ilianza hapo, ndogo kama kijiwe kwenye kiatu, naye akaamua kutembea nacho. Alijiambia kwamba Mama Nadra hajui magemu ni nini, na Goma na Gisenyi zina mapengo mengi.

Angebaki na hilo lake kama Bruce asingetaka kulileta gemu hapa Gisenyi. Alikodi ukumbi wa vijana mjini, Jumamosi mchana, skrini kubwa, kiingilio bure. Nadra, ambaye ni mshonaji pale sokoni, aliona tangazo lenye jina la Akaliza, akalipeleka nyumbani kwa furaha. Akaliza alijaribu kuwazuia. Alisema ni makelele ya bunduki, ni mambo ya vijana, Mama atachoka. Nadra alimwuliza tangu lini Mama akachoka na mambo ya mtoto wake.

Wakaja. Mama Nadra alivaa kitenge cha Idi na ushungi mweupe, akakaa safu ya mbele, akawa anawaambia waliokaa karibu, mmoja mmoja, kwamba yule msichana ni mtoto wake na ana kazi ya sauti huko Kigali.

Bruce alishika pedi ya kuchezea mwenyewe, akaanza kucheza. Ziwa lilipotandazwa skrini nzima, na volkano ng'ambo ikiwaka wekundu kwenye mawingu, ukumbi ulivuta pumzi. Hata Akaliza, aliyesimama ukutani, alisahau hofu yake. Mama Nadra alinyoosha kidole akamwonyesha Nadra ufukwe anaoujua. Kisha yakaja mapigano, marefu, na watu wakaanza kuchungulia simu zao. Bibi alipotokea na beseni kichwani, simu zikarudi mifukoni.

Neno la kwanza tu, kicheko. Mama Nadra naye alicheka, kwa kuwa bibi alimkashifu askari wa mpakani kama inavyostahili. La pili, akacheka kidogo. La tatu, alikaa akisikiliza, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye. Nadra aligeuka pole pole, akamtafuta Akaliza kwa macho ukutani kote hadi akampata.

Bibi akamuuza Keza. Majambazi wakamburuta. Na mluzi ukasema mbele ya ukumbi mzima kwamba hakulia, ni macho tu iliyotoka maji.

Watu waliangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya mchana ule. Kijana wa nyuma alilirudia neno lile na mluzi wake, kicheko kikapanda tena. Mama Nadra alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu hakuwa amepata nafasi ya kuliondoa tabasamu lake. Kisha aliuvuta ushungi, akauzungusha shingoni mara moja, na ncha yake akaishikilia mdomoni.

Akaliza alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Badala yake Bruce alisimamisha gemu, akatangaza kwamba mwenye sauti ni binti wa mji huu huu, akamwita jukwaani. Makofi yakapigwa. Akapanda. Bruce akampa kipaza sauti, akamwomba awape bibi kidogo, moja kwa moja.

Angeweza kukataa. Angeweza kusema koo limekauka, na Bruce angelipitisha kwa mzaha. Lakini aliwaza kwamba akikataa watu wataulizana kwa nini, na wakiulizana watatazama safu ya mbele. Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Akachagua neno jepesi, lile la kulaani mvua, akalegeza ulimi, akavuta pumzi ya ndani, akamwiga Mama Nadra mbele ya Mama Nadra. Watu walicheka. Yeye alitazama dirisha la nyuma ya ukumbi na hakuliacha mpaka alipomaliza.

Mama Nadra na binti yake hawakuondoka mapema, kuondoka kungekuwa kujitangaza. Mwishoni Mama Nadra alimngoja mlangoni, akamshika mkono, akamwambia: «Umefanya kazi muzuri.» Kisha akatangulia barabarani. Nadra alibaki nyuma kidogo.

«Mama hajawahi kuniambia lile neno,» alisema. «We ulilitoa wapi?»

Jibu lolote lingekuwa usaliti mwingine; Akaliza alitazama barabarani alikotangulia Mama, na Nadra akalisoma jibu hapo.

Kesho yake Akaliza alikwenda kwao. Alimkuta Mama Nadra uani anachagua karoti, zilizovunjika upande mmoja, nzima upande mwingine. Akaliza alipiga magoti kwenye udongo, akaomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga njia nzima, na yote yakamtoka yamepinda. Mama Nadra alimwacha amalize.

«Meno haina neno,» alisema. «Kila mutu pale barrière anaona hii pengo. Na kuuza ule mutoto, nilijua ni muchezo. Donc basi, sina hasira ya ile.» Aliweka karoti chini. «Lakini ile neno ya macho, nilikupatia we peke yako. Hata Nadra sikumupatia. Sasa nasikia vijana wanaipiga muluzi mu barabara.»

Akaliza akasema atamwambia Bruce alifute.

«Fanya vile unaona. Simama, unajichafua. Nimesikia.»

Alisema amesikia. Akaliza aliingoja sehemu ya pili, kwamba amesamehe, haikuja.

Bruce hakuwa mtu mbaya. Alipoelezwa neno lilikotoka, alisema kwenye simu kwamba angeambiwa mapema lisingeingia kabisa. Katika toleo jipya aliliondoa, ingawa sauti ya bibi hakuweza kuiondoa, kwa kuwa gemu zima lingebaki bubu. Wachezaji walilalamika mtandaoni kwamba gemu limenyofolewa neno lake bora, na waliokuwa nalo kwenye simu zao wakalisambaza zaidi. Alipoanza kutengeneza sehemu ya pili ya gemu, alimwita Akaliza tena. Alikwenda akasoma kwa sauti yake mwenyewe. Bruce akasikiliza, akashukuru, akachukua mtu mwingine.

Pale Petite Barrière vijana walizoea haraka. Mmoja akipiga mluzi, mwenzake anamalizia. Nadra aliwahi kumkwida mmoja ukosi, na mama yake ndiye aliyemwachisha. Mama Nadra alibadilisha tu namna yake ya kuuza: mteja akimuuliza bei, humwonyesha kwa vidole.

Akaliza hakuacha kwenda kwake; hilo alijikataza. Mara ya kwanza baada ya mambo hayo kupoa kidogo, alipeleka sukari na majani ya chai, akabisha hodi mlango ambao utotoni hakuwahi kuubisha. Mama Nadra alitoka, akaifuta mikono kwenye kitenge, akamwitikia.

«Mwiriwe,» alisema, kwa Kinyarwanda, na kwa wingi wa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni kutoka wilayani. «Murakaza neza. Mwicare.» Karibuni, mketi.

Akaliza akaketi pale alipoonyeshwa, kwenye kiti, siyo kwenye mkeka. Alijaribu kumrudisha kwenye Kiswahili chao. Alimwuliza habari za Goma, za bei, za mgongo wake. Alijibiwa yote, kwa Kinyarwanda safi, taratibu, pasipo mluzi mwingi, kana kwamba kila neno lilipimwa kwanza kabla ya kutolewa nje. Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi, kama zamani. Aliulizwa afya ya Cansilde, aliulizwa kazi ya hoteli inaendaje, akapewa salamu za kupeleka. Hakuambiwa jambo lolote ambalo mtu angeweza kuondoka nalo.

Alipomaliza chai alishukuru, kwa wingi ule ule wa heshima, maana ndivyo alivyosemeshwa, na Mama Nadra akamsindikiza mpaka nje ya ua.